Jigi Nyepesi na Mdomo wa Besi

Kwa miaka kadhaa niliamini kwamba kazi ya mvuvi wa besi, samaki wa maji baridi anayewinda wenzake, huanza pale chambo kinapogusa chini. Nilikuwa nikifunga jigi ya gramu 10, yaani ndoano yenye kichwa kizito cha madini ya risasi, nikiirusha mbali, nikiisikia ikigonga tope, na hapo ndipo nilipoanza kuichezesha. Kilichonibadilisha ni mzee mmoja aliyekuwa akivua hatua chache kutoka nilipokuwa nimesimama, ambaye alikuwa amekwisha kutoa na kurudisha majini besi wanne ilhali mimi sijaguswa hata mara moja. Nilimwamkia, nikamwuliza anatumia chambo gani. Alifungua kiganja chake na kunionyesha nyungunyungu wa plastiki mwenye urefu wa kidole, amevikwa kwenye ndoano yenye kichwa cha risasi kisichozidi punje ya mbaazi. Akaniambia, "Mwanangu, jigi yako inafika chini kabla samaki hajajua kwamba imekuja."

Maneno hayo yana ukweli unaotokana na jinsi besi anavyokula. Besi wa mdomo mkubwa na mwenzake wa mdomo mdogo hawaumi chambo kama mbwa anavyouma mfupa. Besi hufunua mdomo kwa ghafla, mashavu yake hutanuka, na maji yaliyo mbele yake hufyonzwa na kuingia ndani pamoja na chochote kinachoelea humo. Kitu chepesi huingia pamoja na maji, moja kwa moja hadi ndani ya kinywa, ilhali kitu kizito hubaki nyuma, na mara nyingi samaki hufunga mdomo akiwa ameshika mkia wa plastiki tu. Aidha, nyungunyungu anayeshuka polepole hukaa mbele ya macho ya samaki kwa muda mrefu, akitikisika kidogo kama kiumbe kilichochoka, na besi aliyekuwa amejibanza kivulini bila haja ya kula hupata muda wa kubadili mawazo. Kwa uzoefu wangu, zaidi ya nusu ya besi ninaowanasa kwa njia hii huchukua chambo kikiwa bado kinashuka, yaani katika zile sekunde ambazo zamani nilikuwa nikizihesabu kuwa za kungojea tu.

Nyungunyungu wa plastiki si jambo jipya. Nick Creme na mkewe Cosma walianza kuwatengeneza mwaka 1949 huko Akron, Ohio, nchini Marekani, na baadaye wavuvi kama Charlie Brewer wa Tennessee wakafundisha namna ya kuwapitisha majini polepole kwenye vichwa vidogo vya risasi. Siku hizi mtindo unaojulikana zaidi ni ule unaobeba jina la Ned Kehde wa Kansas, ambao hutumia kichwa chenye umbo la uyoga na nyungunyungu mfupi mwenye mkia butu. Mitindo hiyo inatofautiana kwa umbo la kichwa na urefu wa plastiki, lakini yote inasimama juu ya msingi mmoja, nao ni uzito mdogo.

Je, mdogo kiasi gani? Kanuni ninayoifuata ni kutumia jigi nyepesi kuliko zote zinazoniwezesha kujua mahali chini ilipo. Katika maji tulivu yasiyozidi kina cha mita 2, jigi ya gramu 1.8, yaani sehemu moja ya kumi na sita ya aunsi, inanitosha. Jigi ya gramu 2.7 ndiyo ninayoanza nayo siku nyingi, na ile ya gramu 3.5 naifunga kina kinapofika mita 4 au 5. Nikihitaji zaidi ya gramu 5 najua kwamba ama upepo umenishinda, ama nimechagua mahali pasipofaa kwa njia hii. Kabla ya kuongeza uzito, hata hivyo, ni vyema kujaribu mambo mengine kwanza. Upepo wa ubavuni huutunisha uzi kama tanga, na tanga hilo ndilo linaloibeba jigi na kuifanya isifike chini. Ukigeuka ukarusha kwa kufuata upepo, ukainamisha ncha ya fimbo ya kuvulia hadi karibu iguse maji, jigi ile ile iliyokuwa ikipeperuka itashuka bila shida.

Ninamshauri yeyote anayeanza aihesabu jigi yake. Chagua mahali ambapo unakijua kina, rusha, na uanze kuhesabu tangu nyungunyungu anapogusa uso wa maji hadi uzi unapolegea. Rudia mara tatu. Baada ya hapo utakuwa na kipimo chako mwenyewe, na kipimo hicho kitakufaa kwa namna mbili: kitakuambia kina cha mahali usipopajua, na kitakutahadharisha uzi ukilegea kabla ya hesabu kutimia. Ikiwa kwa kawaida unafika saba na leo uzi umelegea ukiwa kwenye nne, hapo pana jiwe au gogo, au kuna besi ameidaka njiani.

Kumvika nyungunyungu kwenye ndoano kunaonekana jambo dogo, lakini ndipo wengi wanapokosea, kwa hiyo nitalieleza kwa kirefu. Mlaze nyungunyungu kando ya ndoano, kichwa chake kikiwa sawa na mahali ambapo risasi inakoma, kisha tia alama kwa ukucha pale ambapo kipindo cha ndoano kinaanguka. Hapo ndipo ncha itakapotokea. Ingiza ncha katikati kabisa ya kichwa, wala si pembeni, na umsukume nyungunyungu taratibu huku ukimzungusha kidogo ili ncha isitoboe ubavu. Wengi wa nyungunyungu hawa wana mstari mwembamba ulioachwa na kalibu. Ufuate mstari huo kama dira, nawe utajua kama ndoano inakwenda upande. Ikitokea mahali penye alama, msukume mpaka kichwa kiguse risasi pasibaki nafasi. Sasa mshike kwa uzi umwangalie dhidi ya mwanga: anapaswa kunyooka kabisa. Akiwa na kibyongo hata kidogo, atajizungusha wakati wa kushuka, uzi utajisokota, na besi katika maji maangavu atamkataa. Mimi humvua na kumvika upya hata mara tatu, na sioni kwamba muda huo umepotea.

Penye magugu au matawi yaliyozama, ndoano iliyo wazi hunasa kila kitu isipokuwa samaki. Hapo hutumia jigi yenye ndoano ya upana zaidi, naipitisha ncha hadi itokee upande wa pili wa nyungunyungu, halafu naifunika kwa kuichomeka chini ya ngozi ya plastiki, kiasi cha unene wa karatasi tu. Samaki akibana, ngozi hiyo hupasuka na ncha hutoka.

Plastiki zenyewe ziko za aina mbili kubwa, na tofauti yake ina maana kwenye maji. Ile ya kawaida ni laini, mara nyingi imechanganywa na chumvi inayoiongezea uzito, nayo hulala chini jigi inapotua. Ile nyingine inavutika kama mpira, haichaniki kwa urahisi, na huelea, kwa hiyo kichwa cha risasi kikitua mkia hubaki umesimama ukiyumba kwa msukumo mdogo wa maji. Katika maji baridi, ambapo ninamwacha nyungunyungu bila kumgusa kwa muda mrefu, hii ya pili ndiyo ninayoiamini. Zisiwekwe pamoja katika kisanduku kimoja, kwani zikigusana huyeyushana, na niliwahi kufungua kisanduku nikakuta donge moja lenye rangi sita. Kuhusu rangi sina mengi ya kusema: kijani kilichochanganyika na kahawia kwa maji maangavu, nyeusi au samawati iliyokoza kwa maji ya tope.

Uzi mnene huharibu kila kitu nilichokieleza hapo juu, kwa sababu jigi ya gramu 2 haina nguvu ya kuuvuta. Ninatumia uzi wa kusuka wa kubeba ratili 10 kwenye rili ya spini, yaani kigurudumu cha kukunjia uzi kinachoning'inia chini ya fimbo, na mwishoni naunganisha kama mita 2 na nusu za uzi wa fluorokaboni wa ratili 6 au 8. Uzi wa kusuka ni mwembamba, huelea, na rangi yake ya manjano naiona vizuri. Ule wa fluorokaboni huzama na samaki hauoni kwa urahisi. Fundo lilowanishwe kwa mate kabla ya kukazwa, maana fluorokaboni ikikazwa kavu hupata joto na kudhoofika pale pale kwenye fundo. Fimbo iwe ya futi 7 au pungufu kidogo, yenye ncha nyepesi inayopinda upesi, kwa kuwa fimbo ngumu hairushi uzito huu.

Tukija kwenye uvuvi wenyewe, kosa kubwa ni la mikono kutotulia. Baada ya kurusha, naachia uzi utoke wenyewe mpaka nyungunyungu anaposhuka wima, kwani uzi uliokazwa mapema humvuta kwa mshazari kurudi kwangu na kumtoa mahali nilipomlenga. Uzi usiwe umelegea ovyo, wala usikaze. Uwe na mpindo mdogo ninaouona juu ya maji. Akifika chini, namwacha. Kisha nainua ncha ya fimbo kwa upana wa kiganja, polepole, narudisha, nakusanya uzi uliobaki kwa kuzungusha rili nusu mzunguko. Wakati mwingine namburuta tu juu ya changarawe, nikisikia kila kijiwe kupitia fimbo. Wakati mwingine natikisa ule mpindo wa uzi bila kuihamisha jigi, mkia utetemeke mahali pamoja. Na kuna siku, hasa besi wanapokuwa wametawanyika juu ya magugu, ambapo naizungusha rili kwa mwendo mmoja wa taratibu, nyungunyungu akipita karibu na ncha za majani bila kugusa chini na bila madoido yoyote. Maji yakiwa baridi, chini ya nyuzijoto 10, hakuna linaloshinda kutofanya lolote: nahesabu hadi 20, hata 30, kabla ya kumgusa tena.

Asubuhi moja nilishuhudia kwa macho kile ambacho kwa kawaida hufichwa na maji. Maji yalikuwa kama kioo, kina kisichozidi mita moja na nusu, na nilimrusha nyungunyungu kando ya gogo lililozama. Alikuwa amefika nusu ya njia, akishuka huku mkia ukipapatika kidogo, ndipo besi alipojitokeza kutoka chini ya gogo bila haraka. Alisimama akimtazama kwa umbali wa shubiri moja. Nyungunyungu akaendelea kushuka, naye akashuka pamoja naye, pua ikielekea chini. Kisha nyungunyungu hakuwapo. Sikuona mdomo ukifunguka, wala sikuhisi chochote mkononi. Kilichobadilika ni kwamba ule mpindo wa uzi juu ya maji ulijongea kiasi cha vidole viwili kuelekea upande wa gogo. Nilikuwa nimeduwaa kwa kutazama, na kabla sijakusanya uzi, besi alimtema nyungunyungu, ambaye alirudi akielea mbele yake kana kwamba hakuna lililotokea. Nilijiuliza ni mara ngapi jambo hilo limewahi kunitokea katika maji yasiyoonyesha kitu.

Tangu siku ile macho yangu hayabanduki kwenye uzi. Besi anayedona kwa kishindo yupo, lakini mara nyingi dalili huwa ndogo: uzi unaruka kidogo, unakwenda upande, unaacha kushuka, au unakuwa mzito kama uliokamatwa na jani lililolowa. Ukiona lolote kati ya hayo, usiitupe fimbo juu kwa nguvu. Ndoano ya jigi nyepesi ni ya waya mwembamba mwenye ncha kali, na mshtuo mkubwa ama hukata uzi, ama huinyoosha ndoano, ama humtoa nyungunyungu mdomoni. Inamisha fimbo, zungusha rili mpaka uhisi uzito wa samaki, kisha vuta fimbo kuelekea ubavuni kwa mwendo mmoja usiokatika. Ndoano itateleza hadi pembeni mwa mdomo na kushika huko. Breki ya rili iwe imelegezwa kiasi cha kumruhusu samaki kukimbia, kwani besi wa mdomo mdogo hasa hukimbilia kilindini na kuruka mara kadhaa kabla ya kukubali.

Kuhusu mahali pa kumtafuta, ninaanza na mipaka: pale changarawe inapokutana na tope, pale magugu yanapokoma, kwenye mteremko unaotoka kina kifupi kwenda kirefu, na kwenye kivuli cha nguzo za gati. Katika msimu wa kuzaa, ambao huanza maji yanapofikia nyuzijoto 15 hivi, dume hubaki akilinda kiota kwenye maji mafupi, naye hufuata chochote kinachosogea karibu. Mimi huwaacha madume hao. Dume akitolewa hata kwa dakika chache, samaki wadogo huvamia kiota na kula mayai.

Jigi ikinasa kwenye jiwe, usiivute kwa hasira. Legeza uzi, sogea upande wa pili, itikise kidogo; kwa kuwa ni nyepesi, mara nyingi haijajikita, imelala tu kwenye ufa.

Jambo la mwisho ni plastiki zilizochanika. Niliwahi kumpasua besi mwembamba kupita kiasi, kichwa kikubwa na mwili kama ubao, nikakuta tumboni mwake nyungunyungu watatu wa plastiki waliovimba mara mbili ya ukubwa wao na kukauka kama mpira wa kiatu. Walikuwa hawana ndoano, yaani kuna mtu aliwavua kwenye jigi na kuwatupa majini. Nyungunyungu wangu aliyechakaa huingia kwenye chupa ninayoibeba mfukoni, na wale waliokatika katikati huwaunganisha nyumbani kwa kuzipasha joto ncha mbili za plastiki na kuzibana pamoja mpaka zipoe.