Siku moja maishani mwangu: Jumanne ya mashine

Saa kumi alfajiri. Kabla sijafumbua macho vizuri, mkono wa kulia unautafuta wa kushoto. Nagusa chini kidogo ya kiwiko, pale daktari alipouunganisha mshipa wa ateri, unaotoa damu moyoni, na wa vena, unaoirudisha, nasikilizia. Unanguruma. Kiungo hiki kinaitwa fistula, na ukikigusa kinatetemeka chini ya ngozi, kama unavyoisikia mashine ya boti ukiwa umezama na boti yenyewe iko mbali. Kikinyamaza, huenda damu imeganda, na hapo hakuna kungoja zamu, ni kukimbilia mjini. Tangu nitiwe fistula bangili za mkono ule nimezivua, sibebei ndoo, siulalii, na simpi mtu kunipimia presha upande huo.

Figo zangu hazifanyi kazi tena, mashine ya hospitali ndiyo inayoniosha damu. Siku zangu ni Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Jumanne ndiyo nzito, maana Jumapili na Jumatatu zote zimepita bila mashine. Nikibonyeza mguu kwa kidole, shimo linabaki.

Saa kumi na moja na nusu. Nimeshaswali. Binti yangu amenitilia mkobani mtandio mzito, mkate, yai la kuchemsha lisilo chumvi, na kofia ya kiua ninayoishona. Gari ya 309, ya kwenda mjini, inasimama mbele ya baraza. Konda ananijua: "Bibi, pita mbele." Paje, kisha msitu wa Jozani bado kiza, Tunguu kunapambazuka.

Njiani huwa nakumbuka ilivyoanza. Mwani ulipoanza kulimwa pwani yetu mwaka 1989 nilikuwa msichana, nikamfuata mama yangu baharini. Kuinama, kufunga, kubeba magunia yaliyorowa. Mgongo ukawa hauna raha. Kila ukiuma nakwenda duka la dawa, nanunua vidonge vya maumivu, diklofenaki au ibuprofeni, miaka na miaka. Hakuna muuzaji hata mmoja aliyeniuliza kama nimepima presha, nami sikujua kama ninayo, kwa sababu presha haiumi. Vidonge vile vikizidi vinadhuru figo, na presha isiyotibiwa inazimaliza kimyakimya. Mie nilikuwa na vyote viwili. Nilipofikishwa hospitali nimevimba uso na pumzi haipandi, figo zilikuwa zimeshachoka zote mbili. Kwa hivyo naomba, jamani, anayesoma haya na mgongo unamuuma, akapime presha kabla ya kununua kidonge.

Saa moja asubuhi, hospitali. Mzani. Uzito wangu mkavu, yaani ule ninaotakiwa kuwa nao bila ya maji ya ziada, ni kilo 59. Leo nina 61.8.

"Mama, mbona umekuja na kilo nyingi?" ananiuliza nesi.

"Jumapili kulikuwa na khitma, mwanangu."

Hana haja ya kuuliza zaidi. Wali wa nazi, mchuzi, achari ya birimbi pembeni. Birimbi sikuigusa, hiyo nimeshakatazwa kabisa, lakini mchuzi ulikuwa na chumvi, na chumvi ndiyo mama wa kiu.

Saa moja na nusu. Sindano mbili. Moja inatoa damu kuipeleka kwenye kichungi, ya pili inairudisha. Ni nene, si kama za chanjo. Nesi husema bismillahi, nami nageuzia uso ukutani. Maisha yangu sasa ni sindano tu: ile ya kofia nyumbani, hizi mbili huku, na ile ya kuongeza damu wanayonichoma mwisho, kwa sababu figo ndizo zilizokuwa zikiuamrisha mwili utengeneze damu. Kisha mashine inaanza kuzunguka, na mipira myeupe inageuka myekundu. Mara ya kwanza nilidhani damu yote inatolewa nje. Sivyo. Iliyo nje kwa wakati mmoja ni kama glasi moja, lakini inakwenda na kurudi kwa saa nne bila kusimama.

Saa tatu. Kitanda cha pili yupo mzee wa Pemba, anayekaa kwa mwanawe, mtaa wa Amani, kwa ajili ya mashine. Leo yeye ndiye aliyemuuliza fundi wa mashine suala ambalo sote hatujapata kuliuliza: maji yanayopita upande wa pili wa kichungi, yale yanayoiosha damu, ni kiasi gani? Fundi akasema nusu lita kila dakika. Kwa saa nne ni lita 120. Na si maji ya bomba hivi hivi, yanachujwa kwanza mpaka yasibaki na chumvi wala madini, ndipo yachanganywe dawa.

Nikafanya hesabu yangu. Lita 120 ni ndoo sita za lita 20. Utotoni ndoo sita ilikuwa ni kazi ya asubuhi nzima kisimani, na maji yenyewe ya pwani yetu yana uchumvichumvi. Leo ndoo sita zinamwagika kwa ajili ya mtu mmoja aliyelala, na mtu huyo nyumbani ana chupa ya nusu lita iliyochorwa mistari kwa kalamu, ndiyo kinywaji chake cha siku nzima, chai na uji vikiwemo. Mzee hakusema kitu. Alikitazama kichungi chake muda mrefu, kisha akasema, "Basi tusichelewe kuja. Maji ya watu haya."

Saa nne na nusu. Msuli wa shavu la mguu unakaza ghafla, kama mtu anaukamua. Masikio yanavuma, sauti ya nesi naisikia kwa mbali. Presha imeshuka. Wananiinua miguu, wanapunguza kasi ya kuvuta maji, wananirudishia kidogo kwa mpira. Hii ndiyo bei ya kilo 2.8: mashine inapovuta mengi kwa muda mfupi, mwili haukubali. Naona haya kwa ajili ya ule mchuzi.

Saa sita kasorobo. Sindano zimetolewa. Nabonyeza pamba kwa vidole viwili robo saa nzima mpaka damu ikate. Mzani: 59.3. Nakula mkate na yai langu.

Saa nane. Darajani nanunua uzi mweupe wa kofia, napanda gari, nalala mpaka Paje.

Saa kumi alasiri. Maji yametoka, ufuoni wanawake wanarudi na mwani kichwani. Shoga yangu anasimama barazani, ananiuliza, "Umeoshwa?" Namwambia nimeoshwa. Zamani tukifuatana, nami napenda anavyosimama, hanipiti kama mgonjwa. Nashika kofia. Viua vya duara la juu vimekwisha, nimebakisha ukingo; kila kitundu nakizungushia uzi mpaka kikazane. Ni ya mjukuu wangu, aivae Sikukuu. Siku ya mashine nashona vitundu kumi tu, mikono inatetemeka, lakini kumi navitoa.

Saa moja na nusu usiku. Binti yangu amepika muhogo. Ameukatakata vipande vidogo, akauchemsha, akamwaga maji, akauchemsha tena kwa maji mapya, ili madini ya potasiamu yapungue, maana yakizidi yanaweza kusimamisha moyo. Utamu mwingi umekwenda na yale maji ya kwanza. Ndimu inasaidia.

Saa tatu usiku. Mistari mitatu ya chupa imekwisha, umebaki mmoja, na huo nimeugandisha barafu tangu jana, vipande vidogo kama kete za bao, kwa sababu barafu inakaa mdomoni kuliko funda la maji. Mjukuu wangu ndiye mwenye kazi ya kunigaia. Ananiletea kwa kijiko, mkono wa pili ameukinga chini tone lisianguke.

"Bibi, vimebaki vitatu."

"Nipe kimoja. Viwili uviweke mpaka alfajiri."

Anakaa karibu yangu, anaweka kiganja chake juu ya fistula, kama afanyavyo kila usiku, anasikiliza boti.