Gunia lina namba, mtoto ana fomu tatu

Ofisini naitwa Mratibu. Vijijini naitwa Mama Kikao, na sikatai, maana kwa miaka sita hii vikao nilivyoitisha vimezidi harusi zote nilizowahi kula pilau.

Kazi yenyewe ni kuwakutanisha watu ambao kila mmoja anasema anamsaidia mtoto yule yule. Kuna zahanati, shule, mtendaji wa kijiji, afisa ustawi, afisa maendeleo ya jamii wa kata, akina mama wa vikoba, msikiti, parokia, chama cha msingi cha korosho, na mashirika mawili matatu yanayopanda kutoka Mtwara mjini na magari yenye nembo mlangoni. Kata yetu iko Newala, juu huku kwenye uwanda wa Wamakonde, upande wa Kitangari. Vijiji sivitaji. Wenyewe wakisoma watasema nimewaanika.

Oktoba mwaka juzi niliandaa kikao kikubwa cha wazazi na wadau. Barua zilikwenda mapema, turubai likafungwa, pilau ikapikwa ya watu sitini. Walikuja kumi na moja, na saba kati yao walikuwa viongozi wa vitongoji ambao wasingekuja mtendaji angewauliza. Mgeni wetu kutoka mjini alitazama viti vitupu, akatazama saa, akaniambia kwa upole, "Dada, huku mwamko bado mdogo."

Nilikubali kwa kichwa. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba nilikubali.

Mwenyekiti mmoja wa kitongoji, yuko sahani ya pili, ndiye aliyenizindua. "Mratibu, ungetuuliza tu. Mnada wa pili wa korosho ni Ijumaa. Watu wako shamba wanaokota."

Mimi ni mtoto wa karani wa chama cha msingi. Nimekua nikilala juu ya magunia matupu nikimsubiri baba afunge hesabu. Aliponifundisha kuhesabu, alinifundisha kwa kilo. Halafu mimi huyo huyo nimeitisha kikao cha wazazi Oktoba, Newala! Kwa sababu gani? Kwa sababu mpango kazi ulisema robo ya nne kuna "kikao cha wadau", na robo ya nne ilihesabiwa na mtu aliyekaa mbali na mkorosho.

Kwa wasomaji wa mikoa mingine: huku mwaka haugawanyiki robo. Kuna kupalilia mashamba, halafu kuanzia Juni kupulizia salfa ili ugonjwa wa ubwiri unga usiue maua, na kazi hiyo inaendelea wiki hata wiki. Kisha korosho zinaanza kudondoka, na kuanzia Oktoba minada inafuatana. Wakati wa kuokota, familia nyingi zenye mashamba ya mbali huhamia huko huko. Wanajenga kibanda, wanabeba sufuria, ndoo za maji na watoto. Nyumbani anabaki bibi na mbuzi, au anabaki mbuzi peke yake chini ya uangalizi wa jirani. Mtoto aliyetakiwa kliniki Novemba yuko chini ya mkorosho, anakula mabibo.

Basi baada ya aibu ile niliacha kuita watu, nikawafuata. Nilipanda bodaboda kwenye mchanga ule mwekundu unaoyumbisha pikipiki kama mlevi, nikaanguka mara moja (mbele ya watoto, ambao walifurahi sana), nikafika kwenye vibanda.

Katika kibanda kimoja nilimkuta bibi anabandika ugali wa muhogo, mjukuu kamng'ang'ania kiunoni. Nikamwamkia, tukasalimiana kwa kituo kama inavyotakiwa, ndipo nikaomba kumpima mtoto kwa ule utepe wa mkono unaoonyesha hali ya lishe. Ulisoma njano, yaani kati ya sentimita 11.5 na 12.5. Si nyekundu, ila si wa kumwacha akajiendea.

Bibi hakushtuka. Aliinua pembe ya mkeka, akatoa mfuko wa nailoni. Ndani mlikuwa na kadi ya kliniki na vikaratasi vitatu vya mashirika matatu tofauti. Vyote vilikuwa na jina la mtoto yule yule, limeandikwa kwa tahajia tatu. Mmoja alikuja na mambo ya lishe, mwingine na malezi, wa tatu alikuwa anaandikisha kaya.

"Mwanangu," akaniambia, "huyu mmekwisha kumpima mara tatu. Leo unampima ya nne. Jana kala mara moja."

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na utepe na kalamu.

Mama wa mtoto alikuwa ameshuka upande wa Mto Ruvuma kufuata kibarua, kwa hiyo bibi ndiye mama. Kadi ya kliniki nayo ilionyesha chanjo zote za mwanzo zimekamilika, na surua rubela ya miezi tisa ipo. Ile ya pili, ya miezi 18, ilikuwa bado, na ingemkuta msimu unaofuata, hapo hapo shambani. Hakuna aliyekuwa na habari hiyo. Muuguzi wa zahanati alijua mtoto anatakiwa lini lakini hakujua yuko wapi. Mashirika yalijua kaya iko wapi kwenye ramani zao, ila hayakuwa na habari ya kadi. Mwenyekiti wa kitongoji alijua kila kitu, na hakuna aliyewahi kumuuliza.

Jioni nilipita kwa baba. Siku hizi amestaafu, anashinda barazani anabishana na redio. Nikamsimulia. Alinyamaza, kisha akaanza mambo yake ya magunia, na mimi nikajua tutalala usiku wa manane.

Alinikumbusha jinsi stakabadhi ghalani ilipoingia Mtwara, msimu wa 2007/08, na watu walivyolalamika kuhusu makaratasi. Mkulima akileta korosho chama cha msingi, zinapimwa, daraja linaandikwa, anapewa stakabadhi yake. Mzigo ukitoka hapa kwenda ghala kuu unaandikwa umetoka, ukifika unaandikwa umefika. Ukipungua, watu wanakaa chini wanaulizana umepungulia wapi.

"Gunia likipotea tunajua limepotelea wapi," akasema. "Huyo mtoto wako kapotelea kwa nani?"

Hapo ndipo daftari lilipoanzia. Si mfumo, si programu ya simu. Ni kaunta buku moja kwa kila kijiji, mstari mmoja kwa mtoto mmoja wa chini ya miaka mitano. Mistari hiyo ina jina, anayemlea hasa (si aliyemzaa tu), kitongoji, cheti cha kuzaliwa kipo au hakipo, kadi, utepe ulisomaje mara ya mwisho, nani alimtembelea na akamwachia nini. Safu ya mwisho ndiyo iliyoleta ugomvi. Tuliandika "Msimu huu yuko wapi?"

Tulisubiri mpaka minada ikaisha ndipo tukakaa. Turubai hatukulifunga tena. Tulikaa ndani ya ghala la chama cha msingi, ambalo msimu ukiisha linabaki tupu, lina kivuli, lina harufu yake ile ya korosho, na kila mtu analijua. Kiongozi wa chama alitoa ufunguo bila barua. Alitaka hata kutukopesha mzani, ile siku wa zahanati ulipoharibika, lakini baba alikataa kabisa. Mzani wa magunia ni wa magunia.

Ubishi ulikuwa mkali kuliko nilivyotarajia. Ofisa mmoja wa shirika alisema mfadhili wao hawezi kupokea taarifa iliyochanganyika na ya wenzao. Mwingine aliuliza daftari litakuwa na nembo ya nani. Nikamjibu litakuwa na picha ya kiwandani iliyokuja nayo, na akitaka tutalivika gazeti. Watu walicheka, yeye hakucheka. Ila wiki mbili baadaye alituma watu wake wanakili majina kutoka humo badala ya kuanza upya mlango kwa mlango.

Aliyenirekebisha vizuri ni afisa ustawi wetu. Mimi nilikuwa na hamu ya kuandika kila kitu. Akasema hapana. Mambo ya kupigwa, ya kuingiliwa, ya ndani ya nyumba, hayaandikwi kwenye daftari linaloshikwa na watu wanane. Hayo yanakwenda kwake na kwenye kamati ya ulinzi wa mtoto, na mwenye haraka apige 116, simu ya msaada kwa mtoto, bure. Alisema bila kupaza sauti, na ndiye aliyekuwa sahihi siku ile. Ningeachiwa, ningewadhuru watoto niliotaka kuwalinda.

Desemba 2021 serikali ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, ya watoto wa kuanzia sifuri mpaka miaka minane. Humo imeandikwa wazi kwamba afya, lishe, kujifunza, malezi na ulinzi viende pamoja. Nimeisoma, nimeinukuu kwenye vikao mpaka watu wanaijua pumzi yangu. Ila kwenda pamoja kwa huku kwetu maana yake ni maswali madogo sana. Nani ananunua kalamu? Daftari linalala kwa nani? Ufunguo uko wapi mtendaji akisafiri? Hayo ndiyo yaliyokula miezi yangu minne.

Posho nitaisema kwa kifupi kwa sababu inanichosha. Tulikubaliana hakuna posho, na kikao kitafuatia Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji, watu wakiwa tayari wapo. Wadau wawili walipotea. Mmoja amerudi.

Uji ni habari nyingine. Shirika moja lilileta mafunzo ya lishe yenye uji wa maziwa, yai na karoti. Karoti! Huku juu maji tunavuna kwenye bati, tunayahifadhi kisimani chini ya nyumba kama akiba ya benki, halafu mtu anamwambia mama amwagilie karoti. Wanawake waliitikia kwa heshima, wakala uji wa mgeni, wakarudi kwao. Baadaye akina mama wa kikoba walikaa wenyewe. Wakatoka na unga wa mtama, karanga, na korosho zilizovunjika, zile ambazo mbanguaji wa kijijini hapati bei nazo. Inashangaza mahali panapoiuzia dunia korosho mtoto anaweza kumaliza mwaka hajala kumi. Uji ule watoto waliuomba tena. Sina haja ya ushahidi mwingine.

Nimemweka mwisho mtu ambaye nilipaswa kuanza naye, yaani nyakanga.

Kwenye orodha yangu ya kwanza ya wadau hakuwamo. Alikuwamo mwakilishi wa vijana, ambaye hatujamwona mpaka leo, lakini yule mama anayefunda mabinti wote wa vijiji vitatu hakuwamo. Kwenye karatasi za wageni unyago huonekana kama tatizo tu, basi nami nikauacha nje kama tatizo. Wanakikoba ndio waliosema, kama unatafuta watoto na hujaenda kwa yule mama, unatafuta nini?

Nilikwenda na sukari kilo mbili na kanga, nikakaa chini. Hakuzungumza kazi siku ile. Siku ya pili alinihoji mimi: nimefundwa na nani, wapi, mwaka gani. Siku ya tatu akaja ghalani mwenyewe, akakaa mbele, na mwalimu mkuu akasogea kumpisha.

Alisema jambo ambalo walimu walikuwa wanalihangaikia miaka yote. Wali, yaani mabinti wanaofundwa, watawekwa ndani likizo tu, Juni au Desemba, si wakati wa masomo, na atakayeleta binti katikati ya muhula atamrudisha. Kisha akaanza kutaja mabinti aliowafunda mara ya mwisho, kwa majina na majina ya bibi zao, bila karatasi. Walikuwa ishirini na watatu. Mwalimu mkuu akawa anafuatilia kwenye rejesta yake kwa kidole. Wawili hawakuwamo kabisa.

Mmoja alikuwa na miaka kumi na miwili, amepelekwa mjini kufanya kazi za ndani. Hapo afisa ustawi alichukua, na mimi naishia hapo. Ninachoweza kusema ni kwamba ameshaonekana kwenye mstari wa rejesta ya shule.

Yule mjukuu wa bibi, yuko mstari wa kumi na saba wa daftari la kijiji chake. Mwanzo tulikuwa tunaandika tarehe za kufuatilia, tarehe 14, tarehe 20, na hazikuwa na maana kwa mtu yeyote. Sasa mhudumu wa afya wa jamii anaandika kwa penseli lugha ya watu wenyewe. Msimu uliopita kwenye mstari ule aliandika, "Surua rubela ya pili: yuko kibandani na bibi, watarudi baada ya mnada wa nne."

Muuguzi hakusubiri mnada wa nne. Alipakia kibebeo cha chanjo kwenye bodaboda, akawakusanya watoto tisa wa mashamba yale chini ya mkorosho mmoja, na mwenyekiti wa kitongoji ndiye aliyekuwa akionyesha njia. Nilikwenda naye. Bibi aliponiona akaangalia mikono yangu kwanza.

"Leo umekuja na nini?"

Nilikuwa nimebeba unga wa uji wa akina mama, kilo tatu. Akaupokea, akaunusa, akaniambia karanga hazikukaangwa vya kutosha.

Utepe ulisoma kijani, sentimita 12.8. Nikaandika.