Siku moja na bomba la kioo

Saa 1:20 asubuhi. Leo natenganisha aina mbili za virusi kwa ukubwa, kwa bomba la kioo lililojaa jeli. Kabla hata ya kuvaa koti jeupe, naitoa bafa, yaani maji ya chumvi yatakayopita bombani, kwenye friji ipate joto la chumba. Wiki iliyopita nilikuwa na haraka, nikaimimina ikiwa baridi. Ilipopata joto mle bombani ikatoa viputo, jeli ikaingia nyufa, nikashinda siku nzima naipanga upya. Sirudii.

Saa 3:00. Bomba lina urefu wa sentimita 60 na limejaa shanga ndogo mno za agarosi, jeli itokanayo na mwani, jumla mililita 120. Juu yake naweka mililita 2 tu za mchanganyiko wa virusi wanaoshambulia bakteria: T4, mwenye kichwa na mkia, nanomita 200 hivi kwa urefu, na MS2, kimpira cha nanomita 27. Ukizidisha sampuli, watatoka wameshikana mikono.

Bafa inapita mililita 0.3 kwa dakika. Kila dakika 10, testityubu mpya.

Saa 5:20. Kwenye grafu ya mashine, mstari unaoonyesha mwanga wa nanomita 260 unaofyonzwa na virusi unapanda, testityubu ya 14. Huyo T4. Wanafunzi wa mazoezi huuliza kila mara: mbona mkubwa ndiye katangulia? Wamezoea chujio la tui, machicha hubaki juu. Nawaambia wafikirie Mji Mkongwe. Gari halipenyi vichochoroni, kwa hiyo linafuata barabara kuu na kufika mapema. Mtoto aliyetumwa dukani huingia kila uchochoro, ndiyo maana anachelewa. Shanga zina vitundu. T4 haingii, MS2 anazurura humo.

Saa 7:30 mchana. Nakula wali maharage mlangoni, jicho kwenye mashine. Testityubu ya 27, kilima cha pili. Ila mimi grafu peke yake siiamini. Mabaki ya bakteria nayo hufyonza mwanga huohuo.

Saa 9:00. Ndiyo maana napanda bakteria kwenye sahani. MS2 humwingia tu bakteria E. koli mwenye vinyweleo viitwavyo F, na E. koli wa aina ya B hana. T4 humuua B vizuri sana. Basi namwaga tone la testityubu ya 27 kwenye zulia la bakteria B: kikitokea kitundu hata kimoja, mahali bakteria wamekufa, T4 amepenyeza.

Saa 11:00 jioni. Sahani zimepinduliwa kwenye inkubeta, nyuzi 37, hadi kesho. Bomba nimelifunga juu na chini lisikauke. Testityubu ya 14 na ya 27 ziko friji, zimeandikwa kwa wino usiofutika, maana humu kuna mtu anapenda kuhamisha vitu.