Usiku wa "Eugene's Trick Bag"

Mwaka 2009, katika chumba kimoja cha Magomeni, Dar es Salaam, mpiga gitaa la solo wa bendi ya dansi alileta gitaa lake ili tuchambue "Eugene's Trick Bag", kipande cha gitaa alichokuwa anakisikia kwenye filamu tu, kimechanganyika na kelele za watazamaji. Safari hii CD ilikuwepo. Tulianza baada ya magharibi, tukamaliza mtaa mzima ukiwa umelala.

CD yenyewe ni *The Elusive Light and Sound, Volume 1* ya Steve Vai, mpiga gitaa wa Marekani, iliyotoka 2002, mkusanyo wa muziki aliourekodi kwa ajili ya filamu. Humo mna kazi za *Crossroads* ya 1986, *Encino Man*, *PCU* na *Bill & Ted's Bogus Journey* ya 1991. Vipande vingi ni vifupi sana, maana vilipimwa kwa picha: tukio likiisha, na muziki umeisha. Anayetafuta albamu ya kuburudika nayo huenda asiipende. Kwa anayejifunza gitaa naiona ni hazina, kwa sababu kipande cha nusu dakika unaweza kukimaliza chote, nota kwa nota.

Hazina kubwa kuliko zote ni pambano la *Crossroads*, pale wapiga gitaa wawili wanaposhindana. Albamu ya muziki wa filamu hiyo iliyotoka kwa jina la Ry Cooder, mwanamuziki aliyeitungia muziki, haikuwa na pambano hilo, kwa hiyo wapiga gitaa waliokuwa wanalitaka walilichota kwenye kanda za video. Katika filamu ya Walter Hill, Ralph Macchio ni Eugene, mwanafunzi wa gitaa la klasiki pale Juilliard, chuo cha muziki cha New York, na mpinzani wake Jack Butler anaigizwa na Vai mwenyewe. Sauti za slaidi za Eugene, zile za kuteleza kwa mrija juu ya nyuzi, ni za Cooder. Lakini kile kipande cha mwisho, "Eugene's Trick Bag", kinachomwangusha Jack Butler kilipigwa na Vai. Yaani mshindi na mshindwa ni mkono mmoja, na ukisikiliza bila picha unautambua mkono huo: upande wa Butler kuna mkwaruzo mzito na nyuzi zinalegezwa na kuvutwa kwa kile kijiti cha chuma kilichofungwa kwenye daraja, upande wa Eugene sauti ni kavu, kila nota imesimama peke yake.

Tulianza na gitaa kabla ya nota. Lilikuwa la kuigwa kutoka Telecaster, gitaa la umeme la kampuni ya Fender, lenye vitanda vitatu vya shaba kwenye daraja, kila kimoja kikibeba nyuzi mbili. Tulifunga nyuzi za unene wa 009 hadi 042 (elfu za inchi) na kupima kimo cha nyuzi juu ya freti ya 12, freti zikiwa ni vile vyuma vinavyokata shingo: milimita 1.6 waya wa kwanza, yaani uzi mwembamba kabisa, milimita 2 waya wa sita, ule mnene. Ukishusha zaidi ya hapo, freti za juu zinaanza kuunguruma. Ukiinua, kidole kinachelewa kutua. Kisha tukalinganisha nota ya freti ya 12 ikibonyezwa na ile inayolia ukigusa tu waya juu ya freti hiyo. Iliyobonyezwa ikiwa juu zaidi, kitanda kinarudishwa nyuma ili waya urefuke. Ikiwa chini, kinasogezwa mbele. Tabu ya vitanda vitatu ni kwamba ukiurekebisha waya wa pili umeuharibu wa kwanza. Tuliupa waya wa kwanza haki yake, wa pili tukauacha uwe juu kidogo sana.

Kunakili ndiko kulikokula usiku. Programu za kompyuta za wakati ule ziliweza kupunguza mwendo bila kuifanya sauti iwe nzito, ila nota zilitoka zimesagika, huwezi kujua ipi imepigwa kwa piki, kile kibao kidogo cha mkono wa kulia, na ipi imegongwa kwa kidole cha kushoto. Tukaacha, tukapunguza mwendo na sauti ishuke nao. Kwenye nusu ya mwendo sauti inashuka oktava moja kamili, majina ya nota yanabaki yale yale. Kwenye asilimia 75 inashuka karibu nusutoni tano (nusutoni moja ni freti moja), hivyo A minor inasikika E minor. Hapo gitaa linasaidia lenyewe: A ya waya wa tano, freti ya 12, unaihamishia waya wa sita, freti ile ile, na unapiga sambamba na CD. Kwenye waya wa tatu na wa pili tu umbo linabadilika, kwa sababu kati yao kuna nusutoni nne, si tano.

Jamaa akauliza, "Mwalimu, mbona vidole vinakataa kukaa? Hii imeandikwa na mtu wa gitaa kweli?"

Haikuandikwa kwa gitaa. Msingi wake ni Caprice ya 5 ya Paganini, mpiga fidla wa Italia, mojawapo ya vile vipande 24 vya fidla vilivyochapishwa 1820. Nyuzi za fidla zinaachana kwa nusutoni saba, za gitaa kwa tano, kwa hiyo mbio, yaani mfululizo wa nota za haraka, ambayo mkono wa mpiga fidla unaipata mahali pamoja, wa mpiga gitaa inabidi uitafute kwa kutanuka au kuhama. Tulijaribu A minor yenye G#, nota tatu kila waya, kuanzia waya wa sita: freti 5-7-8, 5-7-8, 6-7-9, 5-7-9, 6-9-10, 7-8-10. Kikwazo kipo waya wa pili, pale 6-9-10. Kidole cha shahada lazima kifike freti ya 6 mapema na kiiachie mara tu nota inayofuata inapolia, vinginevyo mkono unakwama.

Mkono wa kulia nao una hesabu yake. Nota zinakwenda nne nne, nyuzi zinabadilika kila baada ya tatu. Piki ikienda chini-juu bila kukatiza, waya mmoja unauacha ikielekea chini, unaofuata ikielekea juu, na hapo ndipo nota zilikuwa zinavuja. Alijaribu kupiga mbili na kugonga ya tatu, ili kila waya uanze na pigo la chini. Mwendo ukapatikana haraka, lakini ile mikazo ya nne nne ikapotea, na bila mikazo kipande hiki ni mazoezi ya vidole tu. Nikamwambia, "Hapana kaka, rudi kwenye piki." Metronomu ikawekwa mapigo 60 kwa dakika, ikapandishwa kwa mapigo manne manne, mkazo kwenye nota ya kwanza ya kila kundi.

Mkwaruzo wa amplifaya tuliupunguza mpaka ukabaki kidogo. Ukiwa mwingi unaficha nota zilizokosekana na wakati huohuo unakuza kila waya usioguswa. Tulifunga kitambaa laini kwenye freti ya kwanza kuzuia nyuzi wazi zisilie. Hapo mkono wa mtu wa dansi ulionekana faida yake: amezoea sauti safi na shingo ya juu, hana pa kujificha, na kila nota anaitoa nzima. Kwenye 96 mbio yote ilipita bila kuvuja, tukairekodi kwenye simu na kuilinganisha na CD iliyopunguzwa. Iliyobaki ilikuwa nota moja ya waya wa pili, iliyokuwa inafika mapema. Akabadilisha kidole cha pili kwa cha tatu kwenye freti ya 9, ikakaa.