Kutoka Bletchley Hadi Kilindini

Nauli ya treni kutoka stesheni ya Euston, London, hadi Bletchley na kurudi inatosha kumfikisha mtu wa Mombasa hadi Nairobi na kumrudisha kwao, ilhali safari yenyewe haifiki hata saa moja. Siku niliyokwenda mimi ilipita saa mbili, kwa sababu treni ilisimama katikati ya mashamba bila ya yeyote kutueleza sababu, na chai niliyoinunua stesheni kwa bei ya mlo mzima ilipoa mkononi kabla hatujasogea. Nilifika nikitetemeka, na muda uliobaki kabla ya Makumbusho ya Taifa ya Kompyuta kufungwa ulikuwa mdogo.

Nilichokifuata huko ni Colossus, mashine iliyobuniwa na Tommy Flowers, mhandisi wa Posta ya Uingereza, na kuanza kazi mwaka 1944 hapo Bletchley, kituo cha Uingereza cha kufumbua siri za adui wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, ili kusaidia kufumbua maandishi ya siri ya wakuu wa jeshi la Ujerumani. Iliyopo leo imejengwa upya na Tony Sale na wenzake kuanzia mwaka 1993, kwani baada ya vita nyingi zilivunjwavunjwa na Flowers aliitia michoro yake motoni. Utepe wa karatasi wenye matundu ulisomwa kwa kasi ya herufi 5,000 kwa sekunde. Ni kazi ya kustaajabisha. Hata hivyo sikukaa hapo zaidi ya dakika kumi, kwa kuwa kutoka chumba kingine nilisikia mlio kama wa kokoto zinazomwagwa kwenye bati.

Mlio huo ulikuwa wa Harwell Dekatron, kompyuta iliyoanza kufanya kazi mwaka 1951 katika kituo cha utafiti wa nyuklia cha Harwell, ikahamishiwa chuo cha Wolverhampton mwaka 1957, na baada ya miaka mingi ya kukaa stoo ikawashwa tena mwaka 2012. Ina uzito wa tani mbili na nusu. Kifuani mwake zimepangwa taa ndogo za kioo 828, na ndani ya kila taa nukta moja ya mwanga wa rangi ya chungwa huruka kutoka nafasi hadi nafasi, kumi kwa jumla, sifuri hadi tisa. Ikimaliza mzunguko, taa ya jirani nayo hupiga hatua moja. Nilisogeza uso karibu na kioo nikafuata nukta moja kwa macho: tatu, nne, tano. Wenzetu walioiita kompyuta tarakilishi waliiweka tarakimu ndani ya jina lake, lakini mimi, niliyetumia kompyuta maisha yangu yote, sikuwahi kuiona tarakimu ikitembea.

Mashine hiyo ni ya polepole mno, kwani kuzidisha namba mbili huichukua sekunde kadhaa. Mzee mmoja anayejitolea hapo alinisimulia kuwa siku zile Bart Fossey, aliyekuwa hodari wa kukokotoa kwa mashine ya mezani, alikaa kando yake na kushindana nayo. Alikwenda nayo sambamba kwa takriban nusu saa, kisha akachoka na kuacha, nayo ikaendelea. Sifa yake haikuwa kasi, ilikuwa kutochoka: waliweza kuiachia hesabu wakaenda zao, wakarudi wakaikuta bado inahesabu.

Mzee aliniuliza natokea wapi. Nilipomjibu kuwa ni Mombasa, alitamka "Kilindini" kama mtu anayetaja mtaa wa jirani. Akanieleza kuwa mwaka 1942, Wajapani walipoishambulia Colombo, Sri Lanka, wafumbuzi wa siri wa jeshi la majini la Uingereza waliokuwa huko, ndugu wa kazi wa hawa wa Bletchley, walihamishiwa Kilindini na kupewa shule ya Allidina Visram iwe ofisi yao. Ni hapo, mwaka huohuo, walipoivunja JN-40, lugha ya siri ya meli za biashara za Japani.

Nilishindwa kumjibu. Nimecheza mpira katika uwanja wa shule ile, na nimepita mbele yake nikienda kumwona bibi mara zisizohesabika. Darasani tulifundishwa habari za askari wa KAR, jeshi la wakoloni Waingereza Afrika Mashariki, waliopelekwa Burma, na ni haki tufundishwe, lakini hakuna mwalimu aliyetuambia kwamba kazi hii ya kupambana na tarakimu, iliyozaa mashine za Bletchley, ilifanywa pia nyuma ya madirisha yale. Ilinibidi nipande ndege na kulipa kiingilio nchi ya watu ili nielezwe habari za mtaani kwetu.

Nilimpigia mdogo wangu simu ya video, nikaielekeza kwenye zile nukta.

"Kaka, mbona inakwenda polepole hivyo?" akauliza.

Nilimwambia asikilize kwanza, kisha nikamsimulia habari za shule. Kwao magharibi ilikuwa imeshaingia. Anakaa karibu, basi alitoka na simu mkononi, akavuka barabara, akanionyesha lango limefungwa na dirisha moja la ghorofani ambalo taa yake ilikuwa bado inawaka.