Mbuzi ya nazi ya shangazi

Tumsifu Yesu Kristo wanajumuiya. Tafakari ya wiki hii imechelewa, naombeni radhi, Jumamosi nilikuwa njiani kwenda Muheza na kurudi, nitawaambia kwa nini. Kwanza fungueni Mwanzo 45 mstari wa 16 hadi 46 mstari wa 7, someni polepole maana kuna kitu mle nimekipita miaka yote bila kukiona.

Mnajua mwezi uliopita tulimhamisha shangazi. Hana mtoto, alianguka bafuni akakaa pale chini mpaka mchana ndo jirani akamsikia, na sisi wote tuko mbali, tunatoka alfajiri tunarudi usiku, wadada wa kazi wamepita watatu hakuna aliyekaa. Basi tukakubaliana nyumba ya wazee ya masista. Haikuwa rahisi jamani, kwetu ukitaja nyumba ya wazee watu wanaelewa mzee katupwa, na kuna ndugu alituma voisi ndefu kwenye grupu la familia kutuambia hivyo hivyo, yeye mwenyewe hajawahi kumhudumia hata siku mbili, lakini tuyaache.

Siku ya kuondoka gari imefika, shangazi katoa furushi lake, kanga, rozari, picha ya marehemu babu, sawa. Halafu namuona anaburuta mbuzi yake ya kukunia nazi. Nikamwambia shangazi hiyo iache, kule wanapika masista, kila kitu kipo. Akaniangalia kidogo akasema, "Haya baba." Mimi nikajua tumeelewana, nikafunga buti tukaondoka. Njia nzima hakuongea, hata machungwa niliyomnunulia pale barabarani hakuyagusa.

Sasa mtazameni Farao. Anawaambia kina Yusufu wachukue magari wakamlete baba yao, na vyombo vyao wasivijali, mema yote ya Misri ni yao. Nia yake ilikuwa njema kabisa, na yule Farao ni mimi. Ila Yakobo, mzee ambaye baadaye anamwambia Farao umri wake ni miaka 130, anasafiri na vyote alivyo navyo, mifugo, mali, kila kitu. Akifika Beer-sheba anasimama anatoa dhabihu, na usiku ule Mungu anamwita jina lake mara mbili, anamwambia asiogope kushuka Misri. Kumbe alikuwa anaogopa! Anaenda kwa mwanae aliyemlilia miaka, kwenye chakula wakati Kanaani kuna njaa, na bado anaogopa, na wale watoto wote aliosafiri nao, mimi sijaona mahali mmoja wao alimuuliza baba vipi, una wasiwasi gani. Mungu ndo aliyeliona. Na hamwambii kule kila kitu kipo, anamwambia nitashuka pamoja nawe, na Yusufu ndiye atakayeweka mkono wake juu ya macho yako. Yaani mzee anaambiwa nani atakuwa naye, na nani atamfumba macho. Hapo nilifunga Biblia nikakaa kwanza.

Nikamkumbuka na mtakatifu Jeanne Jugan, yule mwanzilishi wa Masista Wadogo wa Maskini, hawa wenye nyumba ya wazee pale Kasarani Nairobi. Mwaka 1839 kule Ufaransa alimchukua mjane kipofu aliyepooza, akampandisha kwake na kumlaza kwenye kitanda chake mwenyewe, yeye akaenda kulala darini. Mimi shangazi nilimpeleka kwenye kitanda kizuri kuliko vyote alivyowahi kulalia, cha chuma, cha kupandisha na kushusha, nikaona kazi imeisha.

Sijutii kumpeleka, hilo niliseme wazi, masista wanamuogesha na dawa anakunywa kwa wakati, sisi tulikuwa tunashindwa. Najutia ile "iache".

Ndo maana Jumamosi nikapanda basi kuifuata mbuzi. Kondakta alitaka nilipie mzigo, abiria wakacheka. Nilipofika nikamwambia sista nimeleta kigoda, sikuwa na ujasiri wa kueleza zaidi. Shangazi alikuwa kakaa kwenye kitanda, nikaiweka karibu na miguu yake, nikampa shikamoo, hakuitikia. Akainama akapapasa meno ya mbuzi kwa kidole, taratibu, kama anayahesabu.

Halafu akaniuliza, "Na nazi iko wapi?"

Nazi sikuleta.