Jumamosi ya Mama Keki, Ilomba

Saa kumi na moja alfajiri. Kwetu Ilomba bado giza, na baridi ya Mbeya haijali kwamba ni Januari. Kitu cha kwanza ni kuweka siagi karibu na jiko, maana ikilala kwenye baridi hii inaamka jiwe.

Saa kumi na mbili na nusu niko soko la Mwanjelwa. Msimu wa pichesi na plamu ni mfupi, Desemba mpaka Februari hivi, kwa hiyo nawahi. Nataka zilizoiva lakini bado zimekaza kidogo. Zikilegea zinatoa maji, keki inabaki mbichi katikati. "Mama, binya taratibu, na wengine watakula," muuzaji ananiambia. Nabinya vilevile.

Saa mbili mpaka saa nne naoka. Siri sina: siagi gramu 125 na sukari gramu 150 nachapa mpaka ziwe nyeupe na laini, mayai matatu natia moja moja, kisha unga gramu 200 uliochekechwa na bekingi pauda. Maelekezo mengi ya mtandaoni yanataka bekingi pauda vijiko viwili vya chai. Mimi natia kimoja. Mbeya tuko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, keki inaumuka mbiombio kabla haijashika halafu inadidimia. Naongeza na maziwa kidogo kwa sababu huku unyevu unakauka upesi. Plamu napasua nusu, natoa kokwa, napanga juu, nanyunyiza sukari. Nyuzi 180, dakika 45. Oda za asubuhi zinatoka, zinapoa, bodaboda anabeba.

Saa nne na nusu simu inaita. Ni yule dada.

Alishalipa advansi ya elfu kumi: keki moja ya plamu, ya kawaida, ya kumpokea mama mkwe anayekuja kutoka Tukuyu, bei elfu ishirini na tano, saa kumi jioni. Sasa ananitumia picha. Keki ya ghorofa mbili, krimu nyeupe, maua. "Hii hii, ila na plamu zako." Bei? Ile ile. Namweleza kwamba plamu zikiiva kwenye keki zinatoa maji, na krimu juu ya maji inateleza. Ghorofa ya juu itashuka kabla mgeni hajafika Uyole. Kimya. Kisha sauti ya dakika nzima: "Kwani Mama Keki, gharama iko wapi? Unga tu, na plamu si za hapa hapa?"

Hapo ndipo wengi wanaponiudhi. Wanaona unga. Hawaoni siagi, mayai, mkaa, nauli ya sokoni, wala mkono uliochapa tangu alfajiri. Nilimjibu kwa adabu: dada, ya kawaida au nakurudishia advansi yako. Akachagua ya kawaida. Baada ya muda, ujumbe mwingine: iwe tayari saa nane, siyo saa kumi.

Mchanganyiko nimeshaumimina kwenye chombo, umeme ukakatika. Mtu asiyeoka atasema subiri urudi. Bekingi pauda ikishalowa imeanza kazi, haisubiri mtu. Nikatoa sufuria kubwa, mchanga chini, mkaa kidogo chini ya sufuria na mwingi juu ya mfuniko. Mvua nayo ikaja, mkaa wa gunia umelowa, napepea, moshi wote machoni. Yule dada akafika na bajaji, kabla hata ya saa nane, akavuta kigoda akaketi mbele ya jiko.

"Funua tuone."

"Nikifunua inadidimia, dada."

"Kidogo tu."

Mkono ukaenda kwenye mfuniko. Nikauzuia kwa mwiko. Tukakaa hivyo, yeye anatazama simu, mimi natazama mkaa, mpaka harufu ya plamu ikatoka na njiti nikaichoma ikarudi safi. Imeshika, imepiga rangi, juisi nyekundu imechemkia pembeni. Kwenye mkaa! Alitaka kuondoka nayo ikiwa moto. Nikamlazimisha ingoje kidogo, vinginevyo ingekatika njiani.

Baada ya hapo saa sikuangalia tena. Umeme ulirudi, oda za jioni zikaoka, vyombo vikajaa karai, mgongo ukaanza kudai haki yake. Kuna ugali nilikula nimesimama, sijui ulikuwa wa mchana au wa usiku.

Nimeshajilaza ndipo ujumbe unaingia: "Mama mkwe anasema ndaga fijo, yaani asante sana, imeisha yote. Jumamosi ijayo nataka mbili. Utanifanyia ngapi?"

Nikamwandikia: elfu hamsini.